Chupa ya Yorgo Iliyokwenda Gatete

Ndugu zangu wa Ujiji, mmeambiwa kwamba nilionekana Minago nikinuka pombe, na kwamba fundi cherehani aliyesomeshwa chuoni sasa amepotea. Chupa nilikuwa nayo kweli. Someni kwanza ilikuwa inakwenda wapi.

Hapa Usumbura ninashona barazani kwa Mgiriki mmoja, Bwana Yorgo, mwenye duka la nguo na shanga karibu na boma la Wadachi. Alimwoa Ciza, binti wa Minani wa Gatete, kwa desturi zote za wakweze. Sandukuni Yorgo alikuwa na chupa mbili za pombe ya kwao, iliyotengenezwa na mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Siku moja walikuja wageni, akafungua chupa ya kwanza na kumwambia mkewe aimimine na kuitia maji. Ciza hakuwa ameiona kabla. Alipotia maji, kinywaji kilichokuwa safi kama machozi kikageuka cheupe kama maziwa. Akadhani kimeoza. Ili kumfichia mumewe aibu, akakimwaga chote uani.

Yorgo alimgombeza mbele ya wageni. Asubuhi Ciza alikunja mkeka wake akarudi kwa baba yake.

Huku mtu akitaka kumrudisha mkewe, sharti apeleke pombe ukweni. Yorgo alipokuwa tayari kwenda, homa ikamlaza. Akaniita, akaitoa chupa ya pili.

"Nenda wewe, fundi. Peleka hii."

"Nunua pombe ya ndizi, Bwana. Ndiyo wanayoijua."

"Ya ndizi wanayo. Niliyomgombezea ni hii."

Kabla sijaondoka alinisimulia habari za pombe ile. Kwao zabibu zikishakamuliwa, makapi hayatupwi. Huachwa yachachuke, kisha huchemshwa katika chungu cha shaba, na mvuke hupita bombani ukadondoka tone kwa tone. Huchemshwa tena pamoja na mbegu za anisi, jamaa ya ile bizari tamu tunayotia kwenye mikate. Nilimuuliza ni nani aliyeanza. Akacheka katikati ya kikohozi. "Waturuki husema ni yao, huiita raki. Washami husema ni yao, huiita araki. Sisi husema ni yetu. Kila mtu humtaja mama yake." Kisha akanishika mkono. "Mafuta ya mbegu yamejificha ndani yake. Maji yakiingia, yanajitokeza. Mwambie Ciza haikuoza. Ndivyo ilivyo."

Mwalimu wangu wa chuoni angesema mbebaji naye ana dhambi yake. Niliifunga chupa ndani ya kanzu kuukuu, nikamwomba Mungu atazame ninakoipeleka.

Kabezi. Tulifika alasiri kwa mtumbwi, mimi na wapiga makasia, tukapokewa na mke wa mvuvi mmoja aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa huku. Alinitazama nilivyokumbatia furushi langu.

"Amahoro, Muswahili. Huyo mutoto wa nani, mbona halii?"

"Ni wa watu, mama. Ninampeleka kwa babu yake."

"Basi mulaze kivulini, jua litamupika!"

Alitupatia ugali wa muhogo na samaki, na furushi langu likawekewa mkeka wake peke yake.

Minago. Hapa ndipo sifa yangu ilipoharibika. Ziwa lilichafuka, mtumbwi ukapigwa na wimbi, kizibo kikalegea na kiasi kidogo kikanimwagikia kotini. Ufukweni wanawake walikuwa wakichemsha mawese katika vyungu vikubwa, na moshi wake mzito ulifunika kila kitu. Hata hivyo waliinua pua zao.

"Eh! Muswahili anakuja anuka tamu! Nani amekupaka?"

Nilinusa mkono wa koti. Ilikuwa harufu ya mkate wa bibi yangu asubuhi ya Idi, kisha nyuma yake ukali unaochoma pua. Nilipokuwa nimeinama hivyo, akatokea mfanyabiashara wa kwetu Ujiji, akanusa, akanitazama, akaenda zake bila salamu. Yeye ndiye aliyewaletea habari.

Rumonge. Tulitua asubuhi. Niliwaacha wapiga makasia wakiziba ufa wa mtumbwi, nikashika njia ya Gatete peke yangu, kati ya michikichi na mashamba ya muhogo. Njiani nilijaribu maneno yangu mara nyingi. Yote yalikuwa mazuri mpaka nilipoona ua wa Minani.

Gatete. Minani ni mtu mfupi, mchangamfu, asiyeweza kukaa bila mzaha. Pamoja naye walikuwa dada yake, ambaye ni shangazi yake Ciza, na majirani wachache. Ciza alikaa mlangoni akisuka ungo, akanisalimu bila kuinua uso.

Nilieleza kilichonileta, nikaweka chupa chini. Minani akaitisha kibuyu na mrija. Nikamimina, nikatia maji. Kikageuka cheupe mbele ya macho yao.

Mikono ya Ciza ikasimama juu ya ungo.

"Iko dawa hiyo," alisema shangazi. "Maji gani yanazaa maziwa?"

"Haikuoza, mama, wala hakuna dawa. Bwana Yorgo amesema ndivyo ilivyo."

Minani akanisogezea mrija. "Basi onja, mwanangu."

Hapo nikaona kosa letu. Kwa watu hawa pombe haipokelewi mpaka mtu wa upande wa aliyeileta aionje kwanza, ili wote waone haina sumu. Yorgo, mwenye homa, hakukumbuka. Mimi, mwenye chuo, sikufikiri.

"Mzee, mimi ni Mwislamu. Siwezi kunywa."

"Nami siwezi kupokea kisichoonjwa. Kama nyumba ya mukwe wangu haina kinywa, rudi nayo. Na binti yangu atabaki."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana nilijua hatabadili. Nilitazama kibuyu, nikamtazama Ciza pale mlangoni.

Ciza aliweka ungo chini.

Alikuja polepole, akapiga magoti, akakitazama kile cheupe kwa muda.

"Ndicho nilichomwaga," alisema. "Na hiki ni cha mwisho?"

"Cha mwisho. Mama yake hayupo tena."

Alishika mrija akavuta. Akakohoa, macho yakamjaa machozi, kisha akacheka.

"Kinaanza kitamu, kinachoma, halafu kinaacha baridi mdomoni."

Shangazi akapiga makofi. "Sikieni! Aonjaye ndiye mwenye pombe! Mutoto, umesimama upande gani?"

"Upande wa pombe, senge," akajibu; ndivyo huku wanavyomwita shangazi.

Minani akaupokea mrija, akavuta kwa kirefu, akafumba macho. "Kitamu kwanza, moto baadaye. Mukwe wangu alikosea tu mpangilio." Wakacheka wote, mrija ukazunguka. Shangazi, aliyesema ni dawa, aliurudia mara nyingi kuliko wengine. Ciza akaichukua chupa kabla haijaisha, akakaza kizibo mwenyewe.

Njia ya kurudi. Ziwa lilitulia. Minani alitukabidhi mtungi wa pombe ya ndizi wa kumpelekea mkwewe, na Ciza alipakata chupa kama nilivyoipakata mimi. Nami nilikuwa nikiwaza kwamba niliondoka nikidhani nimepewa maneno ya kufikisha. Kumbe watu wale hawakungoja maneno. Walingoja mtu atakayetangulia kuweka kinywa chake.

Usumbura. Yorgo alikuwa amekaa barazani, amejifunga blanketi. Alisimama, akakaa tena. Ciza hakumsalimu kwanza. Alileta kikombe, akamimina kilichobaki, akatia maji, akangoja. Akaonja yeye, ndipo akampa kwa mikono miwili.

Yorgo alikishika bila kunywa.

"Kimegeuka cheupe," alisema.

"Ndivyo kilivyo," Ciza akamjibu. "Kunywa."