Mchumaji wa Oldeani

Mama ninayechuma naye kahawa kule Oldeani haingii kwenye mstari wa miti kabla ya kubisha hodi. Vidole vyake ni vyeusi kwa utomvu, na sauti yake ni ndogo kama ya mtu aliye kanisani.

"Unambishia hodi nani, mama?" nilimuuliza.

"Waliokamatwa. Bibi alisema mlowezi alipanda kahawa nyingi kuliko watu waliokubali kuichuma. Basi waliokataa wakaletwa kwa kamba, wakafanywa watumwa. Wengine hawakurudi kwao."

Nilicheka. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni. Yeye akasogeza kikapu chake kupisha njia, akainamisha kichwa. Hakukuwa na upepo, lakini matawi ya mbele yetu yaliinama na kuachiwa, mti baada ya mti. Nilipoyafikia, hayakuwa na tunda hata moja.