Mate ya Tita Nening

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyethubutu kusema kwamba mtoto mchanga ni mzuri. Ulisema ana masikio makubwa. Ulisema analia kama paka. Ulimi ukikuwasha kabisa, ukawa huna budi kumsifu, ulitanguliza Mashallah, tena kwa sauti, ili kila aliyemo chumbani asikie. Mambo hayo tulitoka nayo Mombasa, tukavuka nayo uwanja wa ndege pamoja na sufuria za mama, na hayakupungua makali hata tulipohamia ghorofa ya tatu ya jengo moja huko Coon Rapids, Minnesota, Marekani, ambako theluji hufika magotini na majirani humsifu mtoto wako hata ndani ya lifti, bila haya, kama wanasifu gari.

Tita Nening alikaa ghorofa ya pili, chini yetu hasa. Alikuwa Mfilipino, na tita ndivyo kwao wanavyomwita shangazi. Yeye na mama walifanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee, mama shifti ya mchana, yeye ya usiku, kwa hiyo ni yeye aliyenipokea niliposhuka kwenye basi la shule. Sahani zilipanda na kushuka zile ngazi. Mama akipeleka mahamri, sahani ilirudi na tambi za kukaanga zenye kuku, na kuku mwenyewe kamfuata kwa Wasomali, duka la halali, kwa heshima yetu. Haikurudi tupu hata mara moja. Kwao kurudisha sahani tupu ni aibu, kwetu ni aibu, na hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Ndugu yangu Swaleh alipozaliwa, Tita ndiye aliyemwogesha mtoto, mama alipokuwa hawezi kuinama. Baadaye akaenda kwao Iloilo, Ufilipino, kumwona mama yake mgonjwa, akakaa huko muda. Na hapo katikati akaja Bibi.

Bibi ni mama wa baba. Alikuwa hajawahi kupanda ndege wala kuona theluji, na vyote viwili alivivumilia kwa sababu moja tu: kumshika mjukuu wa kiume. Sasa huyo mjukuu hakutaka kushikwa. Bibi akimpakata, anakunja uso, anajipinda kama samaki, analia mpaka anyang'anywe.

"Hanijui," Bibi akisema, akicheka. "Atanijua tu."

Lakini nilimwona siku moja akikunja nguo zake ndogo, akizinusa moja moja kabla ya kuziweka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani anaangalia kama zimefuliwa vizuri.

Tita alirudi mchana mmoja wa majira ya baridi. Hakungoja hata kufungua sanduku. Alipanda moja kwa moja, theluji mabegani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaniambia tangu ndege ya pili hajatia kitu tumboni. Akamwona Swaleh mikononi mwa Bibi, akilia kama kawaida. Akanyoosha mikono. Mtoto akaenda. Akaenda, akanyamaza, akacheka cheko la tumboni, lile ambalo sisi wenyewe tulilipata kwa kumtekenya tu.

"Angalia alivyonenepa!" Tita akasema kwa Kiingereza. "Mzuri! Mzuri huyu, nitamla!"

Bibi hakujua Kiingereza, lakini sauti ya sifa haina lugha. "Yuwasemani?"

"Anasema Swaleh mzuri, Bibi. Anasema atamla."

"Mashallah katia?"

"Hapana, Bibi."

Bibi akakohoa kikohozi kikavu, akavuta leso yake. Tita akambusu mtoto, akanirushia pakiti ya maembe makavu, akashuka kulala.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa ninakula embe langu mbele ya runinga niliposikia kilio ambacho si cha kukataa kushikwa. Swaleh alikuwa amekaza miguu, tumbo gumu kama ngoma iliyokaushwa juani, na anatokwa na jasho. Bibi alimpapasa, akamgeuza, akamsomea, akampulizia. Wapi. Nilimpigia mama, simu yake imo kwenye kabati la kazini. Baba alikuwa akiendesha lori mahali fulani katika jimbo jingine, na simu yake ilisema kitu nisichokielewa kuhusu mtandao.

"Katiwa jicho," Bibi akasema. "Nilijua. Kheri nisingempa."

Hapo mlango ukagongwa. Tita alikuwa amesikia kilio kupitia dari yake. Alikuja na ndara za nyumbani, nywele zimesimama upande mmoja, na hakusalimia.

"Ni mimi," akaniambia. "Rukia, mwambie bibi yako ni mimi. Nimetoka safari, nimechoka, nina njaa, na nikamwamkia hivyo hivyo. Mwambie anipishe nimpake mate tumboni, nimwondolee." Akalamba kidole gumba, akakiinua juu, kinang'aa.

Nikatafsiri. "Bibi, anasema ni yeye aliyemfanya Swaleh hivi, kwa uchovu na njaa ya safari. Anataka kumpaka mate tumboni."

Tangu siku ile nimesimama mbele ya waamuzi wengi wa midahalo, nimepewa vikombe viwili na ulimi mkali kuliko umri wangu. Sijawahi kutamka sentensi sahihi kuliko ile. Neno kwa neno. Hakuna nilichopunguza wala kuongeza.

"Kakiri!" Bibi akapaza sauti. "Kwa kinywa chake mwenyewe! Hasidi gani huyu, hana hata haya ya kuficha?" Akasimama kati ya Tita na kochi alilolazwa mtoto. "Mwambie atoke. Hamtemei mate mjukuu wangu nikimwona."

"Tita, anasema utoke."

"Anaumia," Tita akasema. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Nimguse tu. Mara moja. Halafu nitaondoka." Akapenyeza mkono.

Bibi akaupiga.

Sauti yake ninaisikia hadi leo. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayeua mbu. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akimpiga mtu mzima, sikujua kama jambo hilo lipo, na nilibaki na embe mdomoni nimesahau kutafuna. Tita aliutazama mkono wake. Kidole kilikuwa bado kimelowa. Akakifuta polepole kwenye suruali ya kulalia, akashuka ngazi, na sikusikia mlango wake ukifungwa.

Bibi akachukua chumvi na pilipili kavu, akamzungushia mtoto kichwani, akazitupa kwenye kikaango juu ya jiko la umeme. Moshi ukapanda. King'ora cha moshi kikalia kwa namna ambayo hata malaika wangeziba masikio. Swaleh akashtuka, akanyamaza, akajamba kama mzee wa baraza, akalala.

"Umeona?" Bibi akasema, akipepea king'ora kwa leso. "Umeona?"

Niliona. Na kwa miaka mingi nilichoona ndicho nilichoamini: kwamba Bibi alihofia, hofu ikatimia, na mwanamke aliyenifunga kamba za viatu tangu darasa la kwanza alikuwa na jicho.

Mama aliporudi aliambiwa. Mama si mtu wa jicho wala pilipili, na alitaka kusema. Lakini mkwe ni mkwe, na mkwe aliyevuka bahari mbili kuja kukupokezea mtoto hajibiwi. Kesho yake akashuka na sahani ya mahamri. Jioni tuliikuta mlangoni. Imeoshwa, imekaushwa, inametameta. Tupu.

Mama aliishika kwa muda mrefu pale kizingitini. Theluji ilipoyeyuka, Tita alihamia Oakdale, mji mwingine kabisa kwa asiye na gari.

Sasa niruke hadi mwaka wangu wa kwanza chuoni, maana bila huo nisingekuwa na la kuandika. Nilijiandikisha katika kozi ya anthropolojia ya utamaduni na jamii ya Wafilipino. Nikiulizwa nilisema saa zake zilinifaa. Darasa lilikuwa na vijana thelathini hivi, wengi wao wa vijiji vya mahindi vya hapa Minnesota, na profesa mama wa makamo aliyewahi kuishi visiwa vya Visayas, upande wa kwao Tita. Asubuhi moja akaweka picha kwenye skrini: mwanamke ameinama juu ya mtoto mchanga, kidole gumba mdomoni.

Nikaweka kalamu chini.

Akaeleza. Wanaita usog. Humpata mtoto anapoamkiwa na mgeni, au na mtu aliyetoka safari na uchovu wake na njaa yake, hata awe anampenda kufa. Tumbo hukaza. "Na angalieni," akasema, "hapa hakuna wivu. Hakuna mchawi. Hakuna anayelaumiwa. Mwili una nguvu zake na mwenye mwili hajui. Kinachotakiwa ni yule aliyemwamkia arudi upesi, aseme ni mimi, ampake mate. Kusema ni mimi ndiyo adabu yenyewe."

Niliyasikiliza maneno hayo kama mtu anayesomewa hukumu ya kesi iliyokwisha kunyongewa mtu.

Kijana mmoja mbele yangu akasema, "Kwa hiyo ni gesi tu. Watu wasio na daktari lazima watunge kitu." Wakacheka.

Nikasimama. Sikunyoosha mkono. "Watu gani hao wasio na daktari?" nikamuuliza. "Niliyemwona akilamba kidole hivyo alikuwa Coon Rapids, umbali wa nusu saa kutoka kwenye kiti chako. Alikuwa akifanya kazi na madaktari kila usiku. Huenda ni babu yako aliyekuwa akigeuzwa naye kitandani. Unamcheka kwa sababu alikuja kusema nimekosa nirekebishe? Wewe lini mara ya mwisho uligonga mlango wa mtu ukasema ni mimi?"

Kijana akawa mwekundu hadi shingoni. Ningekuwa kwenye mdahalo ningepewa pointi zote.

Profesa akaniuliza kwa upole, "Na ninyi mlimjibuje?"

Mimi, Rukia, ambaye sijawahi kukosa jibu. "Tulimpiga mkono," nikasema, nikakaa.

Jumamosi asubuhi, jioni kwa saa za Mombasa, nikampigia Bibi. Nilikuwa nimejipanga kama mwanasheria. Nilikuwa na hasira kwa niaba ya kila mtu. Nikamweleza yote: kwamba kwao si husuda, kwamba alikuja kutibu, kwamba hata sisi wenyewe tunajua mwenye jicho ndiye dawa, ndiyo maana zamani watu walitafuta maji aliyonawia, kwa hiyo dawa ilijileta mlangoni kwa ndara, Bibi, na wewe ukaifukuza! Nilipomaliza nilikuwa ninahema. Nilitegemea anibishie. Nilitaka sana anibishie.

"Nalijua," Bibi akasema.

"Ulijua nini?"

"Kuwa hana husuda. Mtu mwenye husuda hamtizami mwana vile." Nikasikia kiti chake kikilia. "Rukia, mwanangu. Mwana alikuwa akinilia mimi. Nimetoka kwetu, nimekuja mpaka kwenye barafu, naye hanitaki. Yule katia mguu ndani tu, mwana kacheka. Nikamtizama yule mwanamke, moyo ukanifanya hivi." Hakusema moyo ulifanya vipi. "Kulikuwa na jicho siku ile, ndiyo. Lilikuwa langu. Sasa ningeliambia nani, na mkwe wangu karudi kazini, yuwanitizama?"

Nje ya dirisha langu mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, kwaa, kwaa, kwaa.

"Yu hai?" akauliza.

"Yuko Oakdale."

"Basi mpeleke mwana. Na usende mkono mtupu."

Mama alikuwa na anwani ya Tita miaka yote. Hakuniuliza ninaitakia nini. Alikanda unga usiku ule, na asubuhi akaweka mahamri katika sahani ile ile. Swaleh, ambaye sasa ana umri niliokuwa nao mimi siku ile, aliishika mapajani njia nzima huku nikiendesha. Nilimweleza kisa. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni kisa cha ajabu, na je, kula hamri moja ni dhambi?

Tita alifungua mlango mwenyewe. Amekuwa mdogo, au mimi nimekuwa mkubwa. Alinitambua mimi kwanza. Kisha akamwona Swaleh, mrefu, meno ya mbele makubwa, sukari mdomoni. Nikaona sifa ikimpanda usoni. Nikaiona ikifika mdomoni. Halafu akafunga mdomo, akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono yote miwili mgongoni.

Nimeshtuka mara nyingi katika kisa hiki, lakini hapo ndipo nilipoumia. Miaka yote hiyo sisi tulilala usingizi, na yeye alikuwa akiificha mikono yake mbele ya watoto wa watu.

"Tita," nikasema, "Bibi anakusalimu. Anasema siku ile jicho lilikuwa lake."

Swaleh, ambaye hana subira ya mazungumzo ya wakubwa, alinipa sahani, akafungua zipu ya koti, akapandisha fulana hadi kifuani. Tumbo la mvulana, kwenye baridi ile, mlangoni.

Katika midahalo nimefundishwa kuuliza kwanza ni nani mwenye kosa. Siku ile ya pilipili sisi wote tulimtafuta huyo. Tita peke yake alikuwa akilitafuta tumbo la mtoto.

"Mzuri," akasema, taratibu sana. "Mzuri kweli kweli." Kisha akalamba kidole.