Mitungi ya Maziwa Iliyobeba Samaki

Walisema sitaweza. Niliporudi kutoka ng'ambo na stashahada yangu ya ufugaji wa samaki, ili nitunze bwawa la klabu ya wavuvi wa ndoano, mwenye duka la mbolea pale Kiptere aliwaambia wateja wake, "Huyo mvua ya kwanza tu itamrudisha alikotoka." Leo bwawa lile lina njia ya kutolea mafuriko niliyoichora mimi mwenyewe, na samaki wake ukiwafunua matamvua unayakuta mekundu kama nyanya. Sijigambi. Au tuseme najigamba kidogo, na nina haki.

Lakini kila mto unapogeuka mwekundu kwa udongo wa mashamba ya chai, hunijia harufu ambayo haimo majini. Ni harufu ya mtungi wa maziwa uliosuguliwa kwa majivu, na chini ya majivu, kwa mbali, samaki. Ikinijia nakuwa mtoto tena, na Mama yu hai.

Baba alikuwa mlinzi wa bwawa hilo hilo. Tulikuwa watu wa upande wa ziwa, na nyumba yetu ya chumba kimoja ilikuwa ya kazi: kazi ikiisha, mnafunga virago. Kwao Baba, mto ukifurika watu hufurahi, kwa kuwa samaki hupanda nao kwenda kutaga, na watoto hushiba. Kwa hiyo mvua kubwa ilipopiga milimani na mto ukaja ukinguruma, Baba hakufunga mlango wa mfereji unaoingia bwawani. Aliufungua wote.

"Waache wapate maji mapya," alimwambia Mama, kwa furaha ambayo sikuiona tena usoni mwake.

Hakujua kwamba samaki wa klabu, trauti, si kama samaki wa kwao. Trauti hutaka maji baridi na safi. Udongo uliwaziba matamvua wanayopumulia, na mbolea ya chai ikaja pamoja na udongo. Asubuhi tuliwakuta wamejazana ukingoni, midomo juu, wakitafuta hewa. Jumamosi wanachama walikuwa waje kushindana. Baba alifunga mlango, kisha akaketi kwenye tope, kofia mkononi.

"Baba Okoth, inuka," Mama alisema. "Maji safi yako wapi?"

Yalikuwa kwenye kidimbwi cha chemchemi, juu kidogo ya bwawa. Chombo cha kuwapandishia samaki wakiwa hai ndicho hatukuwa nacho. Ndoo yetu ilivuja.

Ndipo wakatokea wanawake wa Kipsigis, wenyeji wa pale, wakirudi kutoka kituo cha maziwa na mitungi mitupu mgongoni. Mama aliwasimamisha akaomba mitungi. Walitazamana. Wengi wao hawakula samaki, na maziwa yakinuka samaki, karani wa kituo hayapokei.

"Samaki ndani ya mtungi wangu?" mmoja alisema. "Mama Okoth, hata ng'ombe atanipiga teke."

"Kwani bwana yako analinda samaki ama anawaua?" mwingine akauliza, wakacheka.

Mama hakucheka. Jirani yetu mzee, Rael, ambaye watoto wote tulimwita Kogo, yaani nyanya, aliutua mtungi wake chini.

"Nyumba ya hawa watoto iko ndani ya hayo maji," aliwaambia wenzake. Kisha akanigeukia, akaniita mtoto kwa lugha yao. "Shika, lakwet. Kimbia."

Wengine nao wakatua yao. Tulipandisha samaki mpaka jua la utosi. Nilikumbatia mitungi, nikiwasikia wakigonga kuta zake kutoka ndani kama wageni mlangoni. Wengi walikufa, lakini wengi zaidi walipona, na maji ya bwawa yalipotulia tukawarudisha. Jumamosi wanachama walilalamikia matope tu, na Baba akabaki na kazi yake.

Mama aliisugua mitungi kwa majivu, akaifukiza moshi, akaisugua tena. Tulipoirudisha, Kogo aliingiza uso wake wote mtungini, akavuta pumzi ndefu.

"Safi," alisema. "Hakuna kitu."

Mama alirudi nyumbani akiimba. Tangu siku hiyo Kogo alipeleka maziwa kituoni kwa mtungi alioazimwa na binti yake. Alisema wake unamuumiza mgongo, nami nikaamini.

Chuoni nilisoma magonjwa yote ya samaki. Hili hakuna aliyenifundisha. Mshahara wangu wa kwanza wa bwawa niliununulia mitungi mipya inayong'aa, nikaipeleka nyumba kwa nyumba kwa wote waliomwazima Mama. Kila nyumba niliukuta ule wa zamani: huku umewekwa mahindi ya kuku, kule unakinga maji ya paa. Hakuna uliowahi kubeba maziwa tena. Walikuwa wametupatia kabisa, wakatuacha tuamini tumeazimwa tu.

Niliishia kwa Kogo. Sasa haoni vizuri. Aliuingiza uso ndani ya mtungi mpya, kama zamani, nami nikasimama pale nikitamani Mama awe kando yangu.

"Huu umebeba samaki?"

"Hapana, Kogo."

"Basi usiubebeshe." Aliuelekeza mkono kwenye mtungi mkuukuu chini ya paa, umejaa mvua. "Mto ukija tena, chukua ule."