Ramani Iliyobandikwa Ukutani

Ofisini, mwalimu mwenzangu mmoja tulimwita Mwalimu wa Ramani, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini alisahihisha insha za "Siku Nisiyoisahau" zilizofanana kama sare za shule, mwishowe akachoka. Akawagawia wanafunzi karatasi za manila, wachore mtaa wao kwa mkono: njia wanazopita, mlango wanaouogopa, mahali wanapopenda kukaa. Kisha kila mmoja achague alama moja, aiandikie insha. Tulimtania kwamba amehamia jiografia. Insha zilipokuja, tukaacha utani. Watoto waliozoea kuandika mistari mitatu walikuwa wamejaza kurasa.

Alikuwa amewaahidi jambo moja: "Ramani yako ni yako. Mimi nasoma tu, basi."

Siku ya wazazi ilipofika, mwalimu mkuu alitaka kuta zipendeze. Mwenzangu, sifa zimeshampanda kichwani, akabandika ramani kumi zenye rangi nzuri. Hakuzisoma tena. Mimi ndiye niliyemshikia gundi, kwa hiyo simnyooshei kidole.

Baba mmoja alikuja na mkewe na binti yao, shati limepigwa pasi, kitambulisho cha kiwandani kinaning'inia shingoni. Mkewe ndiye aliyeiona ramani ya binti. Nyuma ya maktaba palichorwa benchi la kijani, na chini yake mwandiko safi kabisa: "Hapa baba hukaa mpaka saa kumi tangu apunguzwe kazini. Mama hajui. Mimi huzunguka upande wa pili ili asijue nimemwona."

Mama alisoma mara mbili. Baba akavua kitambulisho, akakitia mfukoni. Binti hakuwatazama wao, alimtazama mwalimu. Kisha wakatoka, kila mtu na hatua zake.

Mwenzangu alitamani ardhi ipasuke immeze. Kesho yake alikwenda kwao kuomba radhi. Yule baba akamkaribisha kiti, akamwambia yamekwisha, na adabu ile ilimuumiza kuliko matusi. Alinisimulia akiwa ameinamia meza, asitake nimwone uso.

Jumatatu alichora ramani yake mwenyewe. Ofisi ya walimu, ukumbi, ukuta wa darasa, na ukutani alama nyekundu: "Hapa nilivunja ahadi kwa sababu nilipenda kusifiwa." Alimpa binti baada ya kipindi, wengine walipokwisha kutoka.

Binti aliisoma mpaka mwisho. Akauliza kama anaweza kuibandika. Mwenzangu akamwambia akitaka aibandike.

Binti akaitazama gundi iliyokuwa mezani, halafu akaikunja karatasi mara nne na kumrudishia.

"Hapana, mwalimu. Ramani yako ni yako."

Wiki iliyofuata darasa lilichora tena. Binti peke yake hakuchora; aliandika kurasa mbili kuhusu faida za usafi, bila kosa hata moja.