Nilimlisha ng'ombe uji wa mzazi, tumbo likapanda, na bucha hakumpata

Wakuu, hamjambo nyote. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Mukuru kwa Njenga, na majirani walioona wako, waulizeni.

Nina ng'ombe mmoja, Sista, mweupe kama nguo ya nesi. Analala kwa mabati nyuma ya nyumba. Marehemu mzee wangu alisema mjini hakufugwi ng'ombe. Mzee alisema mengi.

Sista akazaa vizuri, ndama jike.

Sasa kosa langu. Kwetu magharibi mama akizaa anapewa uji na vitu laini, hasumbuliwi na kutafuna. Mimi nilizaa sita, nikalishwa hivyo. Basi na Sista nikamfanyia vilevile: uji, machicha ya kiwanda cha pombe, dairy meal, ule unga wa ng'ombe wa maziwa, beseni limejaa. Nyasi kavu nikamnyima.

Nilimhurumia, wakuu!

Wiki mbili hazijaisha, maziwa yakapungua nusu. Akakataa chakula. Macho yakaingia ndani.

Mutiso mwenye bucha akanyoosha shingo juu ya mabati.

"Mama Nafula, huyo ameenda. Niletee akiwa bado anasimama."

"Wewe hata ukienda kuona mgonjwa hospitali unaona steki."

"Nakusaidia, mama."

"Kanoe kisu mbali na kwangu!"

Ukweli ni kwamba niliingia ndani nikalia. Sista ndiye ananilisha, sina mwingine. Halafu nikapangusa uso, nikapigia daktari wa mifugo.

Akaja Daktari Kerubo, msichana mwembamba hivi, nikafikiri ametumwa tu. Akaweka kile kipimo cha masikio ubavu wa kushoto, akapiga na kidole. Akanivalisha nisikie.

Ting! Kama kugonga mtungi wa gesi ulioisha.

"Shosho, ng'ombe ana matumbo manne. La nne limejaa hewa, limetoka mahali pake likapanda kushoto kama puto. Ulimpa nini?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika mabati.

"Huyu si mama wa kliniki! Nyasi ndefu ndiyo inajaza lile tumbo kubwa, likikaa vizuri hili la nne halipati nafasi ya kutembea."

Akasema tumlaze, tumpindue miguu juu, tumbo lirudi, alishone lisipande tena. Akaniambia wazi inaweza kukataa.

Kwangu ni pembamba. Tukamkokota mpaka uwanja wa kanisa, kwaya iko mazoezini. Mzee wa kanisa akasema hapa si machinjioni. Nikamwambia hili kanisa nimelifagia mpaka mgongo ukapinda, leo na lenyewe linifanyie kazi.

Kwaya wakaweka vitabu chini, wakashika kamba. Nikaangalia nyuma, nani anavuta akiwa na aproni? Mutiso!

"Umekuja kupima nyama?"

"Vuta kamba, mama, wacha mdomo."

Tukampindua, tumbo likarudi, Kerubo akalishona. Asubuhi yake Sista akatafuna nyasi. Maziwa yakarudi polepole.

Nilichojifunza: ng'ombe akizaa, nyasi kavu kwanza, hivyo vingine umwongeze kidogo kidogo. Na akikataa kula, ita daktari kabla ya bucha. Nilikosea, ndiyo, lakini sitahama na sitaacha kufuga.

Aliyepitia hii aseme hapa chini alifanyaje. Wa kunicheka pia karibu, Kerubo amewatangulia.

Mutiso siku hizi anakuja kila asubuhi na chupa. Namjazia, namwambia: haya, kunywa steki yako.