Kabureta Iliyotunzwa

Kila masika matope ya mto hujaa vichochoroni kwetu Kariobangi, na hakuna anayekuja kuyazoa. Baba ana trekta ndogo kuukuu ya kukatia nyasi, aliyoifunga bapa la chuma mbele la kuyasukumia. Kiangazi huifungua na kuwapa majirani vipuri wamwekee, maana ikibaki nzima itaibwa ikauzwe kama chuma chakavu. Kabureta, kipuri kinachoipa injini mafuta, ilitunzwa na fundi viatu aliyeishi kando ya mto.

Mwaka huu mto ulifurika mapema ukaibeba nyumba yake ya mabati. Asubuhi majirani walileta vipuri vyao, lakini bila kabureta trekta haikuwa na kazi. Fundi mwenyewe hakuonekana, tukamtafuta matopeni kwa majembe. Wengine walisimama wakisema huenda alienda kwao mashambani. Niliwaambia washike jembe au waondoke.

Adhuhuri nikagonga mkebe wa mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na kabureta, imepakwa grisi na kufungwa kwa kitambaa kisafi.

Baba aliifunga kwenye injini. Trekta hiyo, ambayo kila mwaka hutusumbua kuwaka, iliwaka mara moja. Tukaanza kusukuma matope polepole, tusije tukamkata fundi kama yumo chini.