Makongoro Kwenye Shingo ya Gita

Mume wangu Evodio hajawahi kutengeneza gita zima hata moja, na ukimuuliza atakwambia hana haja. Hapa Paracho, mji wetu wa Meksiko, kila nyumba ina fundi gita, mpaka padri ana msumeno. Evodio yeye kazi yake kubandika. Gita likiachia kiungo, analipasha joto, anapenyeza kisu, anakwangua gundi kuukuu, anabandika upya. Watu wanamwita Bwana Gundi. Na mimi Refugio, kwa bahati yangu mbaya, ndiye Bi Gundi.

Gundi yenyewe ni ya ngozi ya ng'ombe. Anailoweka, anaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, na ole wako uiache ichemke! Nyumba nzima hunuka zizi. Ikibaki, inaganda kama jeli, naye huyoo, anaisukuma kwenye friji yangu.

"Hicho si chakula, Evodio!"

"Si ng'ombe? Ng'ombe si chakula?"

Mtu wa hivyo utamfanya nini?

Sasa, ana kompadre wake, Tranquilino, aliyemsimamia binti yetu ubatizo. Ni kapera mzee, ana haya kuliko bibi harusi. Miaka nenda rudi anampenda Ubalda, mjane wa mtaa wa pili, na miaka nenda rudi anamzungumzia habari za mvua. Mwaka huu Ubalda akatangaza kwamba akishasherehekea siku ya mtakatifu wa jina lake, anahamia Tijuana, huko mbali mpakani, kwa mwanawe, moja kwa moja. Tranquilino akaja kwetu rangi imemtoka, gita mkononi, shingo ya gita imelegea haina nguvu.

"Kompadre, nataka nimwimbie mbele ya watu, halafu nimwombe anioe. Yaani nimuoe! Umeona? Hata kusema siwezi. Nibandikie haraka, hata kwa gundi ya chupa."

"Toka na chupa yako!" Evodio akafoka, akapiga chafya. Alikuwa na mafua, pua imeziba kabisa. "Gundi ya chupa ikishika haimwachii mtu. Hii ya ngozi ukiipasha joto inaachia kwa adabu, fundi mwingine akarekebisha. Mimi nabandika, sifungi watu jela."

"Na wewe, kompadre," nikadakia, "mficha uchi hazai. Imba, useme. Kitindamlo niachie mimi."

Kitindamlo changu ni jeli ya makongoro, na mji mzima unajua. Nilichemsha miguu ya ng'ombe kutwa, nikatia sukari guru na mdalasini, nikamimina kwenye bakuli la bluu, nikaweka kwenye friji. Kando yake kulikuwa na bakuli lingine la bluu. La nani? Usiniulize. Nilinunua mawili kwa sababu yalikuwa mazuri, basi.

Evodio akafungua friji, akachukua moja, akaipasha, akapaka, akakaza kiungo kwa jiliwa. "Leo imekolea!" akajisifu. Mimi nikachukua lililobaki, nikakata vipande, nikavimwagia shira juu, kama desturi.

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali uani kwa Ubalda. Kwetu sisi, alichopakua mwenye kupika hakibaki kwenye sahani, hata kiwe kiatu. Basi watu wakala jeli. Wakatafuna. Wakaendelea kutafuna. Nami nikavimba kichwa: imewanogea!

Tranquilino akasimama juani, akalikumbatia gita, akaanza kuimba. Ubeti wa kwanza, salama. Wa pili, nyuzi zikaanza kushuka. Akashusha sauti azifuate. Zikashuka tena, naye akazifuata, mpaka wimbo wa mapenzi ukawa mngurumo wa fahali. Mbwa wa Ubalda akaja akaanza kulamba gita. Kisha, pwaa! Shingo mkono wa kushoto, tumbo mkono wa kulia, nyuzi zinaning'inia katikati.

Evodio, ambaye pilipili za mezani zilikuwa zimemzibua pua, akanusa. Akanigeukia taratibu.

"Refugio. Mbona gita linanukia mdalasini?"

Nikatazama sahani yangu. Nikatazama watu wanavyotafuna. Mama yangu wee! Wanakula gundi!

Tranquilino hakujua lolote. Alibaki amesimama pale, hana wimbo wa kujifichia tena, na labda ndiyo maana akasema: "Ubalda, usiende Tijuana. Kaa nami."

Ubalda akataka kujibu. Mdomo haukufunguka.

"Mmm," akasema. "Mm-mmm."

Sasa hiyo ni ndiyo au siyo? Tranquilino alisikia siyo. Akaviweka vipande vya gita juu ya kiti, polepole, akachukua kofia yake akaelekea mlangoni. Niliumia, jamani. Nilijua akishatoka hatarudi kusema tena maishani mwake, na mwanamke wa watu hana hata mdomo wa kumwita.

Ubalda akainuka. Mjue huyu ni mwanamke aliyelazwa hospitali akampokea daktari amepaka rangi ya mdomo. Marehemu mumewe alikufa hajui kama yale meno ni yake au ya kununua. Akatia vidole kinywani mbele ya mtaa mzima, akavuta, akavuta tena, na meno yakatoka, ya juu na ya chini yameng'ang'aniana. Akayabwaga mezani mbele ya padri.

"Tranquilino!" akapiga kelele, mashavu yamebonyea. "Rudi hapa, mjinga we! Nathema ndiyo! Ndiyo!"

Tranquilino akarudi mbio, akamshika uso kwa mikono miwili, akambusu kibogoyo wake pale pale kwenye ufizi.